Kila asali na ua lake

Asali ni chakula cha zamani sana katika nchi yetu. Kabla sukari ya dukani haijafika vijijini, wazee wetu walipanda miti mirefu ya msitu, wakateremka na masega, nao watoto wakawangojea chini kwa furaha. Lakini si watu wengi wajuao asali yapata wapi rangi yake, ladha yake na nguvu zake. Kwa sababu ya kutojua huko, magomvi huzuka sokoni. Mama mmoja aleta chupa mbili: ya kwanza ina asali nyepesi yenye rangi ya chai, ya pili ina asali nzito, iliyoganda kama samli. Mnunuzi aonja, akunja uso, asema: «Hii ya pili umeitia sukari.» Mama aapa kwa jina la Mungu, mnunuzi aenda zake. Jina takatifu limetajwa kwa ajili ya chupa, sifa njema ya mama imeharibika mbele ya watu, na labda asali ile iliyoganda ilikuwa safi kabisa.

Jambo hili si dogo, ndugu wasomaji. Amwitaye jirani yake mwongo pasipo kujua, amemdhulumu. Na yule achanganyaye sukari na asali kwa kweli, hujificha nyuma ya ujinga wa wanunuzi. Basi tumeona yafaa kueleza namna maua yanavyoifanya asali kuwa hivi au vile, ili muuzaji mwema apate haki yake, na mdanganyifu akose mahali pa kujificha.

UA HUTOA, NYUKI HUKAMILISHA

Watu husema kwamba nyuki hutengeneza asali. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nyuki hawezi kutengeneza asali mahali pasipo kitu kitamu cha kukusanya. Ndani ya ua mna maji matamu, ambayo wenye elimu huyaita nekta. Maji hayo ni ya mti, nayo hutofautiana kwa kila aina ya mti. Ua moja latoa nekta nyepesi kama maji ya mvua, lingine latoa nekta nzito. Ua moja lina hasa sukari ya namna ile ya miwa, lingine lina hasa sukari zile ziitwazo glukosi na fruktosi.

Nyuki ainyonya nekta, aitia katika mfuko mdogo ulio ndani ya tumbo lake, airudisha mzingani. Humo wenzake waipokea kinywa kwa kinywa, na kila mmoja huongeza kidogo maji ya tezi zake. Katika maji hayo mna vimeng'enya, yaani vitu vyenye kazi ya kuvunja sukari ya namna ya miwa na kuigeuza kuwa glukosi na fruktosi. Kisha nyuki waieneza nekta katika vitundu vya sega, wapunga mabawa yao usiku na mchana, mpaka maji mengi yatoke kwa njia ya hewa. Asali ikiisha kuiva, hukifunika kila kitundu kwa nta.

Ninyi wanafunzi, tupige hesabu kidogo. Asali iliyoiva ina sukari karibu gramu 80 katika kila gramu 100. Ikiwa nekta ya mti fulani ina sukari gramu 40 katika 100, yahitajiwa kilo 2 za nekta ili kupata kilo 1 ya asali. Ikiwa ina gramu 20 tu, zahitajiwa kilo 4. Tuseme nyuki mmoja huchukua miligramu 40 katika safari moja: kilo 2 ni safari 50,000, na kilo 4 ni safari 100,000. Mnaona basi kwamba kazi yote ya mzinga, ijapokuwa nyuki hawapumziki, yategemea wema wa ua.

MNA NINI NDANI YA ASALI?

Tukichukua gramu 100 za asali ya kawaida, twakuta maji gramu 17 au 18, fruktosi karibu gramu 38, glukosi karibu gramu 31, na sukari za namna nyingine gramu chache. Mabaki ni machache sana: uchachu kidogo, madini kidogo, vimeng'enya, rangi, manukato, na chembe za unga wa maua ziitwazo chavua. Mabaki hayo madogo ndiyo hasa yanayoitofautisha asali na sukari iliyokorogwa katika maji. Nayo mengi yake hutoka katika ua, ila vimeng'enya hutoka hasa kwa nyuki.

Lakini yawezekanaje asali ya ua moja isichanganyike na ya ua lingine, ikiwa porini mna maua ya kila namna? Jibu lapatikana katika tabia ya nyuki mwenyewe. Hata Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristu, aliona kwamba nyuki, katika safari moja, hatangitangi toka ua la aina hii mpaka ua la aina ile, bali hushika aina moja mpaka arudi nyumbani. Tena nyuki aliyegundua mti wenye maua mengi huwajulisha wenzake kwa kucheza juu ya sega, na kwa mchezo huo huwaonyesha upande wa kwenda na umbali wake. Karl von Frisch, mtaalamu aliyezaliwa Austria, alieleza lugha hiyo ya nyuki, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kwa hiyo, mti mmoja unapochanua kwa wingi katika nchi, mzinga mzima waweza kujaa asali ya mti huo peke yake kwa majuma kadhaa.

KWA NINI NYINGINE HUGANDA?

Sasa twaweza kumtetea yule mama wa sokoni. Glukosi haipendi kukaa ndani ya maji. Ikiwa nyingi, hujitenga na kuwa punje ndogo ndogo. Fruktosi hukaa ndani ya maji bila shida. Basi asali ya ua lenye glukosi nyingi huganda upesi, na asali ya ua lenye fruktosi nyingi hukaa nyepesi muda mrefu.

Tutoe mifano miwili iliyopimwa sana. Huko Ulaya kuna mti uitwao Robinia, ambao wafanya biashara huuita akasia. Asali yake ina fruktosi karibu gramu 43 na glukosi karibu 27 katika gramu 100. Nayo yaweza kukaa mwaka mzima na zaidi pasipo kuganda. Asali ya alizeti ina fruktosi karibu 39, lakini glukosi yake yafika 37. Nayo huganda baada ya majuma machache tu. Zote mbili ni asali safi. Hakuna aliyeitia ya alizeti sukari ila alizeti yenyewe.

Baridi pia huharakisha kuganda. Ndiyo sababu asali yaganda upesi zaidi katika milima ya Kivu, au huko Katanga katika miezi ya Juni na Julai, kuliko mahali penye joto. Mwenye asali iliyoganda asiichemshe juu ya moto, kwa maana moto mkali waua vimeng'enya na kuyafukuza manukato. Aitie chupa katika sufuria ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono waweza kuyavumilia, naye angoje kwa subira. Itayeyuka.

RANGI NA LADHA

Vivyo hivyo rangi. Asali ya Robinia ni nyeupe, karibu kama maji. Ya alizeti ni ya manjano ya kung'aa. Ya mti wa Ulaya uzaao njugu kubwa ziitwazo châtaigne ni nyeusi-nyeusi, na ina uchungu kidogo mdomoni. Kwa kawaida asali nyeusi ina madini mengi kuliko nyeupe. Maua ya mchungwa yana kitu cha manukato ambacho wataalamu wa kemia wakikuta pia katika asali yake, hata mtu aweza kuitambua kwa pua tu. Tena mwaka 2013 wataalamu waliandika kwamba nekta ya mikahawa na ya michungwa ina kafeini kidogo, na ya kuwa nyuki aliyeionja hulikumbuka ua lile vizuri zaidi. Wakulima wa kahawa wa Kivu watacheka wakisikia kwamba nyuki nao hunywa kahawa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila weusi watoka katika ua. Asali iliyokamuliwa pamoja na masega yenye watoto wa nyuki, au iliyovunwa kwa moshi mwingi na moto wa nyasi, huwa nyeusi kwa uchafu, nayo hunuka moshi. Weusi wa ua una harufu njema, na asali yenyewe hung'aa ikiinuliwa mbele ya jua. Weusi wa uchafu huacha majivu, vipande vya nta na povu.

NGUVU YA DAWA, NA HATARI

Wazee wetu walipaka asali juu ya vidonda, nao hawakukosea. Kimeng'enya kimoja cha nyuki, asali ikichanganyika na maji ya kidonda, huzaa kidogo kidogo dawa iitwayo peroksidi ya haidrojeni, ambayo hospitali huitumia kuulia vijidudu. Lakini hata hapa ua lina neno lake. Huko Nyuzilandi kuna mti mdogo uitwao mānuka. Asali yake huua vijidudu hata peroksidi ile ikiisha kuondolewa. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba nguvu hiyo yatokana na kitu kiitwacho methiliglioksali, ambacho mwanzo wake umo katika nekta ya ua lenyewe. Nyuki wale wale, wakipelekwa kwenye mti mwingine, hawawezi kuileta.

Na kama ua laweza kutoa dawa, laweza pia kutoa sumu. Xenophon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, aliandika jinsi askari wake, mwaka 400 hivi kabla ya Kristu, walivyokula asali karibu na mji uitwao leo Trabzon, kando ya Bahari Nyeusi. Waliokula kidogo wakawa kama walevi. Waliokula sana walitapika na kuanguka chini, hata ungedhani ni watu walioshindwa vitani. Hakufa mtu, na baada ya siku tatu au nne waliinuka tena. Wataalamu wanasema kwamba asali ile ilitoka katika maua ya kichaka kiitwacho rododendroni, ambacho nekta yake ina sumu. Basi wazee wa kijini wakisema: «Asali ya bonde lile, wakati wa maua yale, msiile», wasichekwe. Huenda maneno yao yalipatikana kwa maumivu ya watu wengi.

Wazazi, shikeni pia neno hili moja: mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali, hata tone la kulamba, iwe nyeupe au nyeusi, iwe ya ua lolote. Asali yaweza kuchukua mbegu za kijidudu cha botulismi, ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini tumbo la mtoto mchanga haliwezi. Naye aweza kulegea viungo vyote na kukosa pumzi. Na mwenye kidonda kikubwa aende hospitali. Asiseme kwamba ana asali nyumbani.

SHAHIDI ASIYESEMA UONGO

Mtu ataulizia: «Nitajuaje asali hii imetoka katika ua gani?» Ulimi wa mzoefu hujua mengi, lakini kuna shahidi mwingine. Nyuki akiingia katika ua, hujipaka chavua, na chembe chache huingia katika asali. Chembe hizo huonekana kwa hadubini tu, yaani kioo kikuzacho vitu vidogo, na kila aina ya mti ina chembe za umbo lake: hizi ni mviringo, hizi zina pembe tatu, hizi zina miiba. Mtaalamu huzihesabu. Kwa desturi yao, chembe za aina moja zikipita 45 katika 100, asali huhesabiwa kuwa ya ua hilo. Lakini wanajua pia kwamba miti mingine ina chavua nyingi kupita kiasi na mingine kidogo sana. Kwa hiyo hawakati neno kwa chavua peke yake, bali huonja, hunusa na kupima sukari zake pia.

Shule nyingine za sekondari zina hadubini. Mwalimu apendaye kazi yake aweza kukusanya pamoja na wanafunzi chavua za miti ya karibu, kuzichora katika daftari, na kuzilinganisha na zile za asali ya kijiji. Hiyo itakuwa darasa la elimu ya viumbe ambalo watoto hawatalisahau.

MITI YETU WENYEWE

Mpaka hapa tumetaja miti mingi ya nchi za mbali, kwa maana imepimwa sana. Lakini Mwenyezi Mungu hakutunyima yetu. Kusini mwa Kongo, katika Katanga, na kuvuka mpaka hata Zambia na Tanzania, waenea msitu mkubwa wa miombo. Humo mna muputu na jamaa zake, ambao kitaalamu huitwa Brachystegia, na mna mutondo, ambao huitwa Julbernardia paniculata. Miti ya jamaa ya muputu huchanua mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua kushika. Mutondo huchanua mvua ikielekea kwisha. Ndiyo sababu watu wa nchi hizo hupata mavuno mawili kwa mwaka, na asali ya mavuno haya si sawa na ya yale. Ni misimu miwili, maua mawili, asali mbili. Milimani Kivu ni habari nyingine: kuna mikahawa, mikaratusi iliyopandwa na watu, na maua ya misitu ya juu.

Sasa tuseme kwa uchungu. Miti ile ile itupayo asali ndiyo ikatwayo kwa makaa, ambayo watu wa Lubumbashi huyaita makala. Kandokando ya mji ule msitu umerudi nyuma mbali sana. Mwenye kukata hupata fedha mara moja. Lakini muputu uliokatwa hauchanui mwakani. Na si asali tu inayopotea, maana chini ya miti hiyo huota uyoga, na juu yake hulishwa viwavi, ambavyo familia nyingi hula na kuuza. Hatusemi kwamba maskini apike bila moto. Twasema kwamba anayekata aache miti mizazi, aache visiki vichipuke, na alinde machipukizi yasichomwe moto, kwa sababu miti ya miombo huota tena kutoka kisikini, ikipewa miaka yake.

Kuna kosa lingine, nalo ni la warina asali wenyewe. Wengine hulibandua gome la mti mzima mzima ili kufanya mzinga. Mti uliovuliwa gome lake kuuzunguka hufa. Basi mtu huyo amewaua maua ili awajengee nyuki nyumba. Ni kama kumchinja ng'ombe ili kupata kamba ya kumfungia wakati wa kukamua. Magogo yaliyoanguka yapo, vikapu vilivyopakwa udongo vipo, mizinga ya mbao yaweza kufanywa na seremala yeyote. Aliye na busara atafanya hivyo, tena atavuna masega yaliyofunikwa kwa nta tu, akiwaachia nyuki chakula chao. Kwa maana asali isiyofunikwa bado ina maji mengi, na asali ikipita gramu 20 za maji katika 100, upesi huchachuka.

UAMINIFU WA MWENYE CHUPA

Tumalizie kwa yule mdanganyifu. Kuna atiaye sukari ndani ya chupa, na kuna awapaye nyuki maji ya sukari wakati wa mavuno ili wajaze masega. Wa pili hujiona mwerevu, husema: «Nyuki wenyewe wameifanya.» Lakini sasa mmekwisha kuelewa: kazi ya nyuki pasipo ua si asali. Kanuni za mataifa, ziitwazo Codex Alimentarius, zakataza kutia kitu chochote, na zasema kwamba asali ya kawaida isipite gramu 5 za sukari ya namna ya miwa katika gramu 100, isipokuwa asali za maua fulani yaliyotajwa kwa majina. Mizani ya wataalamu itamkamata. Hata asipokamatwa, ameiba, na amri ya saba haikufutwa kwa ajili ya sokoni.

Muuzaji mwema asiogope kueleza. Asichanganye mavuno ya Mei na mavuno ya Novemba. Aandike juu ya kila chupa mwezi na mahali, hata jina la mti akilijua. Iliyoganda aionyeshe wazi, aseme: «Imeganda kwa sababu ya ua lake.» Mnunuzi naye asikilize kabla ya kuhukumu.

Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliyekufa mwaka 397, ndiye msimamizi wa wafuga nyuki, na siku yake ni tarehe 7 Desemba. Katika usiku wa Pasaka Kanisa huwataja nyuki kwa sifa, kwa sababu ya nta ya mshumaa ule mkubwa. Ni heshima kubwa kwa mdudu mdogo. Lakini nyuki huyo hakupata nta wala asali pasipo mti uliomfungulia maua yake. Anayepanda mti mmoja wenye maua karibu na nyumba yake, na kuuacha ukue, amekwisha kuwawekea wajukuu wake asali.